Kiharusi cha mtoto si chira

JE, umewahi kuona mtoto wa miaka sita akipatwa na kiharusi? Mimi nimeona, tena nyumbani kwa dada yangu mjini Migori. Asubuhi moja mpwa wangu alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha uji, kikamponyoka. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mguu wa kulia haukumtii.

Alipotoka hospitalini tulimpeleka Homa Bay kwa nyanya yake mzaa baba. Wazee waliketi, wakakata shauri: hiyo ni chira, kuna mwiko uliovunjwa. Macho yote yakamgeukia dada yangu. Nami, mwandishi mwenye diploma yangu, nilinyamaza kwa kukosa jibu.

Jibu lilikuwa ndani ya damu. Mtoto ana selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Baba na mama kila mmoja amebeba jeni moja ya ugonjwa huo bila kuugua, na katika kila mimba yao nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4. Jeni hiyo ni ya kawaida kandokando ya ziwa kwa kuwa aliyerithi moja tu hukingwa na malaria kali. Aliyerithi mbili, seli zake nyekundu hujikunja kama mundu na kuharibu mishipa. Mishipa mikubwa ya ubongo ikianza kuwa myembamba, damu hupita kwa kasi, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Mtoto hahisi lolote. Anacheza tu.

Kinachoniuma, msomaji, ni kwamba kasi hiyo hupimika. Mwaka 1982 Rune Aaslid wa Norway na wenzake walionyesha kuwa mawimbi ya sauti yanaweza kupenya mfupa mwembamba wa panja, hapo kati ya jicho na sikio, na kurudi na habari za damu. Hakuna sindano, kisu wala miale. Umewahi kusimama barabarani pale Rongo matatu ikipita huku ikipiga honi? Ikikujia sauti huwa nyembamba, ikikupita huwa nzito. Christian Doppler alilieleza jambo hilo mwaka 1842, na ndilo linalotumika kupima mwendo wa damu. Mashine ya sumaku nayo huonyesha mishipa bila kupasua, lakini ni ghali, na mtoto mdogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi ili atulie.

Kwa mtoto wa selimundu, mwendo ulio chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni salama. Kati ya 170 na 199 ni wa kuangaliwa. Ukifika 200, hatari imebisha hodi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 na Robert Adams na wenzake ulihusu watoto 130 waliofika hapo. Kati ya 67 waliopata matunzo ya kawaida, 11 walipatwa na kiharusi; kati ya 63 waliowekewa damu mara kwa mara, ni 1 tu.

Sisi hatukuwa tumeambiwa habari hizi. Lakini mpwa wangu ana dada mdogo, naye ana selimundu. Tulitafuta kipimo hadi tukakipata mbali na nyumbani. Alilala kitandani, akapakwa mafuta kwenye panja, na mashine ikaanza kutoa sauti ya damu yake: shwii, shwii. Akacheka, akasema ni ziwa. Namba ikasoma 178.

Sasa anameza haidroksiyurea kila siku, dawa ambayo hata ng'ambo ya ziwa, katika hospitali ya Bugando mjini Mwanza, watoto wenye kasi kubwa wamekuwa wakipewa katika utafiti ulioanza mwaka 2019. Atapimwa tena.

Mzazi mwenzangu, ikiwa mtoto wako ana selimundu na ametimiza miaka miwili, muulize daktari kipimo hiki kinapatikana wapi. Uliza pia kuhusu dawa, hasa ikiwa kipimo kiko mbali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mpwa wangu bado anaburuta mguu. Nyanya yake hataji tena chira. Nikifika Homa Bay, huniuliza kwanza: "Yule mdogo anapimwa lini?"