Lamadi: Bustani Isiyodai Ndoo Kila Jioni

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma, akiisha kupita Kisesa, Magu na Nyashimo, hufika mahali ambapo barabara huachana. Moja huendelea kaskazini kuelekea Bunda. Ya pili hukata kulia na kushika njia ya Bariadi, mwendo wa kilomita zipatazo 70. Hapo ndipo Lamadi, katika Wilaya ya Busega. Zamani sehemu hii ilihesabiwa kuwa ya Mkoa wa Mwanza, chini ya Wilaya ya Magu. Tangu mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Simiyu, imo katika mkoa huo mpya. Upande wa kushoto yamelala maji ya Ghuba ya Speke, na mbele kidogo liko lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti.

Abiria wengi huijua Lamadi kwa dakika chache tu za kushuka, kununua samaki na kupanda tena basi. Lakini wewe, ndugu msomaji, ambaye una nyua ya hatua kumi kwa kumi nyuma ya nyumba yako ya kupanga au ya kujijengea, yafaa ukae hapa zaidi ya hapo. Njoo mwezi wa Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza, jua likiwa kali na ardhi imekauka. Utembee polepole mbele ya nyumba za watu, utazame ni nini kilicho hai. Hakuna kitabu cha bustani kitakachokufunza zaidi ya matembezi hayo.

Tuanze na hesabu, maana bustani ni hesabu kabla haijawa maua. Kiangazi cha huku huanza Juni na kuendelea hadi Septemba, yaani siku 122. Bustani ndogo inayodai ndoo mbili kila jioni itadai ndoo 244. Ikiwa ndoo ni ya lita 20, hizo ni lita 4,880. Je, nani atazibeba? Baba yuko kazini, gari la jioni limechelewa. Aghalabu mwenye kubeba ni mama aliyetoka sokoni, au mtoto ambaye angekuwa anasoma. Ua lililonyweshwa kwa shingo ya mtoto lina bei kubwa kuliko ile tuliyolipa kitaluni. Kwa hiyo mtu wa kazi anayetaka uzuri nyumbani hana budi kutafuta mimea ya kudumu, ile ambayo hupandwa mara moja ikakaa miaka, na ambayo baada ya kushika mizizi haimuombi mtu maji.

Watu wa sehemu hizi wana methali ituongozayo, nayo ni ya Waswahili wote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mmea nao ni mgeni. Kiangazi cha kwanza umhudumie, maana mizizi yake bado ni mifupi. Kiangazi cha pili mpe jembe, ajitafutie mwenyewe. Asiyeweza si mgeni wa nyua ya mfanyakazi.

Walimu wa kwanza wa somo hili ni mahame. Mahali ambapo nyumba ilibomoka na wenyewe wakahama, tazama kilichobaki. Katika Usukuma mara nyingi utakuta minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani visivyo na majani ya kuonekana, ambayo wazee waliitumia kufanya wigo wa boma. Mwenye nyumba aliondoka, wigo ukabaki, na hakuna aliyeunywesha. Mnyaa hushikwa kwa kijiti tu kilichochomekwa ardhini. Lakini chunga: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya. Ukiupogoa, geuza uso, kisha unawe mikono kabla ya kumshika mtoto.

Hapo tumeligusa jambo la pili, nalo ni mbuzi. Huku ni nchi ya wafugaji. Mbuzi na ng'ombe hupita asubuhi kwenda malishoni na jioni kurudi, na mche mchanga ni kitoweo chao. Mimea inayopona ni ile yenye miiba, yenye harufu kali, au yenye sumu. Ndiyo sababu bogenvilia imejaa mbele ya nyumba nyingi: ikikomaa ina miiba ya kujilinda. Rangi yake nyekundu, zambarau au ya machungwa, ambayo sisi twaiita maua, kwa hakika ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililo katikati. Na inapenda shida. Ukiinywesha sana itakupa majani matupu. Ukiiacha na kiu kidogo itakupa rangi. Kata kipande cha unene wa penseli mwanzo wa mvua, ukichomeke, ukisubiri.

Wenye harufu ni kivumbasi na mrehani. Mbuzi wengi huvipita, na jioni majani yake huwekwa chumbani kupunguza mbu, ingawa hayachukui nafasi ya chandarua. Karibu nayo panda mchaichai. Shina moja huwa kichaka katika msimu mmoja, mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na maji ya paa, na majani yake huingia katika chai. Kila baada ya miaka miwili au mitatu ling'oe shina, ulipasue, umpe jirani nusu.

Wenye sumu wanahitaji neno la tahadhari. Waridi la jangwani, lenye shina nono kama chupa na maua ya rangi ya waridi, hustahimili ukame ajabu, kwa kuwa hujiwekea maji shinani. Lakini Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hutumia utomvu wa mmea wa jamii hiyo kutia sumu mishale. Vinka, ua dogo la asili ya Madagaska linalochanua mwaka mzima juani, limewapa matabibu dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini. Lakini kulichemsha nyumbani ni kujitafutia madhara. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye watoto wanaotambaa aipande mimea hiyo mbali na mlango, au asiipande kabisa.

Usiwaache nje wenyeji wa kweli wa nchi hii. Mkonge-pori, wenye majani magumu yaliyosimama kama mikuki, umeota katika nyika hizi kabla ya sisi. Jina la Oldupai, lile bonde maarufu lililo mashariki ya Serengeti, ni neno la Kimaasai litajalo mmea huo. Wakati wa kiangazi tembo huutafuna kwa ajili ya maji yake, kisha huzitema nyuzi. Leo ndugu zake huuzwa katika vyungu kwenye miji ya Ulaya kwa bei isiyo ndogo, na sisi tunaupita njiani. Kadhalika mshubiri: maua yake mekundu huita ndege chozi wakati bustani nyingine zimenyamaza. Usiuchimbe porini, na hifadhini usithubutu. Omba chipukizi kwa jirani, kwani mshubiri mmoja huzaa watoto wengi.

Bali si kila ua la Tanzania lafaa Lamadi. Urujuani wa Usambara ulipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, nao ukaenea madirishani ulimwenguni pote. Lakini huo ni mtoto wa kivuli na unyevu wa milima. Mlete juani Lamadi, na jioni atakuwa amesinyaa. Kuchagua mmea ni kujua kwao.

Yapasa pia kuujua udongo. Wasukuma wameupa kila udongo jina lake. Luseni ni ule wa mchanga, unaopitisha maji upesi na kukauka upesi. Uchanganye na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza, ambayo huku si haba. Mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka wakati wa jua na kugeuka tope wakati wa mvua. Katika mbuga mshubiri na waridi la jangwani huoza mizizi masika. Dawa yake ni ile ya wakulima wa Kisukuma wenyewe, nayo ni tuta: inua udongo, changanya mchanga, upande juu. Kisha funika ardhi kwa nyasi kavu, ili jua lisiunyang'anye unyevu. Panda mvua za vuli zinaposhika, ili mche upate misimu miwili ya mvua kabla ya kiangazi chake cha kwanza.

Wala usipange kwa mistari kama paredi. Waingereza wana aina ya bustani iliyoanzia kwenye vibanda vya wakulima wao, ambamo maua, mboga na dawa vilichanganywa katika kipande kimoja cha ardhi, mirefu nyuma na mifupi mbele. Baadaye matajiri waliiga wakaiona fahari. Mfanyakazi wetu ana haki ya fahari hiyo hiyo: bogenvilia ukutani, mkonge-pori na kivumbasi katikati, mchaichai na vinka ukingoni.

Sasa tufike ufukweni, maana hapo kuna funzo zito kuliko yote. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake ya zambarau. Hakuna mmea unaohitaji huduma ndogo kuliko huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 ulifunga bandari, ukazuia mitumbwi na kuwanyima wavuvi riziki, hata ikabidi wadudu aina ya fukusi waletwe kuushambulia. Huo ulikuwa ua la mapambo, ndugu msomaji.

Upande wa pili wa barabara hatari ni ile ile. Watafiti wameorodhesha katika eneo la Serengeti na Mara mimea mingi ya kigeni iliyopandwa kuwa mapambo kwenye hoteli na makambi, ambayo mingine imekwisha kutoroka. Miongoni mwake imo lantana, ambayo mbegu zake huchukuliwa na ndege, na dungusi kakati, ambao kipande kimoja kikianguka huota. Ndege hajui lango la Ndabaka. Lantana ya mbele ya nyumba yako yaweza kesho kuwa kichaka cha malisho yaliyokufa, na mfugaji na nyumbu wote wakapata hasara.

Basi mmea ukuvutiapo, uupime mara tatu. Je, utapita kiangazi cha pili bila ndoo? Je, mbuzi atauacha, na kama atauacha kwa sababu ya sumu, mtoto atakuwa salama? Na je, utakaa pale ulipouweka? Ukiona unaota usipoupanda, ung'oe kabla haujatoa mbegu, hata kama jirani anausifu.

Kwa anayeishi kando ya ziwa na mlangoni pa hifadhi, swali hilo la tatu ndilo kubwa. Mmea usiomtegemea mwenyewe ni neema. Usiomtii ni balaa. Nyua yako iwe na ule wa kwanza, na ndoo za jioni zibaki za kupikia, za kuoga na za kunywa.