Mlembe, Ndege wa Asali

Katika pori la Katanga yuko ndege mdogo, rangi yake kama udongo mkavu. Jina lake mlembe. Mtu akipita na shoka begani, ndege huyo huja karibu naye, hulia pasipo kunyamaza, huruka mpaka mti wa mbele, kisha humngoja. Mtu akimfuata, huruka tena. Hivyo humwongoza mpaka mahali walipo nyuki.

Kwa nini afanye hivyo? Mlembe hupenda kula nta na watoto wa nyuki. Lakini nyuki wamejificha ndani ya shina, naye hana nguvu za kulipasua. Mtu ana shoka na moshi, lakini hajui nyuki wako wapi. Kila mmoja anacho kitu asichokuwa nacho mwenziwe. Mtu hutwaa asali, mlembe huachiwa nta, na wote wawili hushiba.

Urafiki huo ni wa zamani. Karibu mwaka 1588, Padri João dos Santos, misionari Mreno wa Sofala, katika nchi ya Msumbiji, aliona ndege akiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa altareni. Katika nchi hiyohiyo, kule Niassa, Wayao wana sauti yao ya kumwita mlembe. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba mtu akitoa sauti hiyo huongozwa mara 66 katika 100. Akitoa sauti nyingine, mara 33 tu.

Je, mlembe ni ndege mwema? Tungewauliza wale ndege wadogo walao nyuki, wangejibu vingine. Wao huchimba mashimo ardhini na kutaga humo. Mlembe jike huingia kwa siri, hutoboa mayai yao, hutaga lake, huenda zake. Mtoto wake huzaliwa kipofu, hana unyoya hata mmoja, lakini ncha ya mdomo wake ina kulabu kali. Katika giza la shimo huwauma watoto wa wenye nyumba mpaka wafe. Kisha wazazi wa marehemu humlisha yeye kama mtoto wao.

Basi ndege ni yule yule: kwa mtu ni rafiki, kwa nyuki ni adui, kwa ndege wengine ni mwizi wa nyumba. Ndivyo viumbe wanavyoishi porini: wengine husaidiana, wengine hulana, wengine hula jasho la wenzao.

Lakini kusaidiana hutaka kutunzwa. Mahali watu wanaponunua sukari dukani na kuacha kumfuata mlembe, naye huacha kuwaita. Wazee waliomwekea nta juu ya jani kabla ya kurudi nyumbani walijua walichokuwa wakifanya.