Uvimbe wa Alfajiri

Mpwa wangu alikuja kukaa nami Lavington, Nairobi, miezi michache kabla ya arusi yake. Kila alipoamka kwa sala ya alfajiri, kope zake zilikuwa zimevimba. Jioni uvimbe ulikuwa vifundoni. Akitia udhu, pete haisogei kidoleni. "Khalati, ni usingizi tu," alisema. Nilimuuliza kuhusu haja ndogo, akajibu kuwa inatoka na povu jingi. Siku ile ile tulikwenda kwa daktari.

Aliyotueleza yafaa kila mama ayajue. Kuta za mishipa midogo ya damu hupitisha maji, lakini huizuia protini iitwayo albumini, nayo ndiyo inayoyavuta maji yabaki ndani ya damu. Kanuni hii ilielezwa na mtaalamu Mwingereza, Ernest Starling, mwaka 1896. Vichujio vya figo vikiharibika, albumini hutoka na mkojo. Ndilo lile povu. Ikipungua damuni, maji huvuja mishipani na kutuama chini ya ngozi. Figo nazo huzuia chumvi, uvimbe ukazidi. Tukilala, maji hukusanyika usoni. Tukisimama, huteremka miguuni.

Kisha akamuuliza anajipaka nini. Swali hilo lina historia Nairobi. Mwaka 1972 madaktari walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 wenye maradhi haya katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki hupenya ngozini, huingia damuni na kuzidhuru figo.

Mpwa wangu alikuwa na kikopo kisichoandikwa viungo vyake, alichopewa ili "atakate" kabla ya siku ya kupambwa. Amekiacha, anatibiwa, na arusi imeahirishwa.

Bibi zetu waliwasinga maarusi kwa liwa na singo, ngozi ikalainika na kunukia, wala hakuna aliyeulizwa kwa nini hakuwa mweupe. Dada zangu, kikopo kisichotaja kilichomo kisiingie chumbani mwa bi arusi. Na uso uliovimba, hata wa asiyejipaka chochote, usifichwe kwa wanja: chanzo huenda kikawa figo, moyo, ini au ujauzito wenye hatari. Kupima protini katika mkojo ni kazi ya kijiti na dakika chache. Mwili ni amana, na mwenye amana huichunga kabla haijapotea.