Ufunguo Usio na Kauli ya Kutendua



Katika somo la vitenzi ulijifunza kwamba Kiswahili kina kauli ya kutendua. Ukifunga mlango, waweza kuufungua; ukikunja mkeka, waweza kuukunjua; ukiziba tundu, waweza kulizibua. Hata neno "ufunguo" limezaliwa na kauli hiyo. Leo ningependa kukueleza habari za ufunguo wa aina nyingine, ambao hatua yake moja haitenduliki, pamoja na kosa nililolifanya nilipokuwa mtunzaji wake.

Hapa Uganda, darasa letu la Kiswahili lina chama kidogo cha wanafunzi na wazazi. Kila mwezi tunachanga fedha za vitabu na nauli za ziara, na mweka hazina hutuma taarifa ya mapato na matumizi kwenye simu za wanachama. Siku moja ilizuka taarifa ya pili, yenye sura ile ile, lakini tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishwa. Kabla haijajulikana ipi ni ya kweli, wazazi wawili walikuwa wamekwisha kukosana hadharani. Kikao kikaamua kwamba tangu hapo kila taarifa itiwe sahihi ya kidijitali. Kwa kuwa mimi nilikuwa na kompyuta, nikakabidhiwa ufunguo.

Zingatia neno "sahihi". Lina maana mbili: alama ya mkono wa mtu, na kitu kisicho na kosa. Sahihi ya kidijitali huzibeba maana zote mbili, kwani humthibitisha aliyeitia, na pia huonyesha kwamba hakuna tarakimu iliyoguswa baadaye.

Kazi hiyo hufanywa na jozi ya funguo. Ufunguo wa siri hutia sahihi; ufunguo wa umma huihakiki. Sisi tulichagua funguo za mkunjo wa duaradufu, njia iliyopendekezwa mwaka 1985 na Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja peke yake. Jina lisikupotoshe: mkunjo huo si duaradufu. Jina limetokana na hesabu za zamani za kupima urefu wa tao la duaradufu. Mkunjo wenyewe ni mchoro wa mlinganyo y² = x³ + ax + b, na juu yake pana nukta moja ya kuanzia inayojulikana na kila mtu. Ufunguo wa siri ni namba tu, namba kubwa mno. Nukta ya kuanzia hujumlishwa na yenyewe mara nyingi kadiri ya namba hiyo, kwa kanuni maalumu ya mkunjo, na nukta inayofikiwa mwishoni ndiyo ufunguo wa umma. Kutoka kwenye namba hadi kwenye nukta, kompyuta hutumia chini ya sekunde moja. Kutoka kwenye nukta kurudi kwenye namba, hakuna njia inayojulikana ambayo kompyuta za leo zaweza kuimaliza. Hapo ndipo kauli ya kutendua inapokosekana.

Programu niliyoitumia ni OpenSSL. Haina vitufe vya kubofya. Unaiandikia amri, nayo inatii. Ufunguo wa siri niliuumba hivi:

openssl ecparam -name prime256v1 -genkey -noout -out siri.pem

Jina prime256v1 ni la mkunjo. Mkunjo huo huo huitwa pia P-256 na secp256r1, na mwanafunzi wa Kiswahili hatashangaa, kwa maana visawe anavijua. Ila na ajihadhari na secp256k1, unaotumiwa na Bitcoin. Huo ni mkunjo mwingine kabisa, japo majina yametofautiana kwa herufi moja, kama "baba" na "bata".

Faili la ufunguo nalo lina maumbo kadhaa. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kikaandikwa kwa herufi za Kilatini, na maneno yakabaki yale yale. Ndivyo ulivyo ufunguo. Katika umbo la DER ni mfululizo wa baiti usiosomeka kwa macho. Katika umbo la PEM, baiti hizo hizo zimeandikwa kwa herufi na tarakimu za kawaida, zikatiwa kichwa juu na mkia chini. Kulibadili umbo moja kuwa jingine ni kazi ya amri moja, na aliyepata umbo lolote amepata ufunguo wenyewe.

Sasa nifike kwenye kosa. Ili kuutoa ufunguo wa umma kutoka katika ule wa siri, amri ni hii:

openssl ec -in siri.pem -pubout -out umma.pem

Ijumaa moja jioni, kwa haraka, niliisahau sehemu ya -pubout. Programu haikulalamika. Bila sehemu hiyo, amri huusoma ufunguo wa siri na kuuandika tena ufunguo wa siri, katika faili lolote ulilolitaja. Mimi nilikuwa nimelitaja umma.pem. Jina la faili likanitosha, sikulifungua. Nikalituma kwa wanachama wote, nikaandika chini yake kwa fahari: "Huu ni wenu nyote."

Jumatatu, baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja alibaki darasani. Akasema kwa adabu: "Samahani, mwalimu. Lile faili la umma, mbona mstari wake wa kwanza una neno PRIVATE?"

Nililifungua mbele yake. Mstari ulisomeka BEGIN EC PRIVATE KEY. Ufunguo wa umma ungeanza na BEGIN PUBLIC KEY. Kwa siku tatu, kila mwanachama alikuwa na uwezo wa kutia sahihi ya chama chini ya taarifa yoyote aipendayo.

Nitakuungamia wazo lililonijia kwanza. Aliyejua alikuwa mtoto mmoja tu. Ningeweza kuumba jozi mpya usiku ule, nikawaambia watu kwamba funguo hubadilishwa mara kwa mara kwa usalama, nayo aibu ingezikwa. Lakini taarifa zetu zote za nyuma zilikuwa na sahihi za ufunguo ule, na kuanzia Ijumaa sahihi hizo hazikuthibitisha lolote tena. Mtu angeweza kuandika taarifa ya uongo, akaipa tarehe ya zamani, na ingehakikiwa bila tatizo. Kunyamaza kungewaacha wenzangu waendelee kuamini kitu ambacho mimi nilijua kimekufa.

Nilikumbuka habari za Estonia, nchi ambayo raia hutumia kadi ya kitambulisho kutia sahihi nyaraka na hata kupiga kura kwa intaneti. Mwaka 2017 watafiti waligundua udhaifu katika kifaa kilichoumba funguo za kadi hizo, na kadi zaidi ya 700,000 ziliguswa. Serikali iliutangazia umma mwezi Septemba, ikasimamisha vyeti vya kadi hizo mwezi Novemba, na raia wakasasisha kadi zao ili zitumie funguo za mkunjo wa duaradufu. Kosa halikuwa la raia, lakini raia waliambiwa. Ikiwa taifa laweza kusema, mwalimu wa Kiswahili angekosaje ulimi?

Nikaitisha kikao, nikaeleza kila kitu. Palikuwa na kimya kizito. Tukazitoa taarifa zote za nyuma, tukazilinganisha na risiti za karatasi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilitumaliza mchana wote. Ufunguo wa zamani tuliutangaza kuwa haufai. Kisha mweka hazina, mama mtulivu asiyependa maneno mengi, akasema: "Mwalimu, hatukutuhumu. Ila kitu cha watu wote hakiwezi kukaa mfukoni mwa mtu mmoja."

Hapo ndipo amri nyingine ilipotufaa:

openssl pkcs8 -topk8 -in siri.pem -out siri-fiche.pem

Amri hii huubadili ufunguo wa siri kuwa katika umbo liitwalo PKCS#8, na katika kufanya hivyo hudai nywila, kisha huusimba ufunguo kwa nywila hiyo. Tuliumba jozi mpya mbele ya kikao. Nywila ilipodaiwa, mimi nikainuka, mama akaketi, akaiandika mwenyewe. Tukalifungua faili jipya tukausoma mstari wa kwanza kwa sauti: BEGIN ENCRYPTED PRIVATE KEY. Tukakitoa pia kile cha umma, safari hii bila kuisahau -pubout, tukakisoma nacho. Mwisho tukalifuta lile faili ambalo halikusimbwa. Tangu siku hiyo mimi nina flashi yenye faili, naye ana nywila. Sina uwezo wa kutia sahihi pasipo yeye, wala yeye pasipo mimi. Katika somo la uraia jambo hili huitwa mgawanyo wa madaraka.

Basi, mwanafunzi wangu, ukikabidhiwa ufunguo wa namna hii, usiliamini jina la faili. Lifungue, usome mstari wa kwanza kabla hujalituma kwa mtu. Usiuache ufunguo wa siri bila nywila. Na siku ukikosea, waambie wenye mali mapema, maana siri iliyotoka haina kitenzi cha kuirudisha.

Yule mwanafunzi aliyeniuliza swali sasa ndiye mhakiki wetu. Kila mwisho wa mwezi huipokea taarifa kabla ya watu wote, huandika amri yake, husubiri jibu, kisha hutuma neno moja katika kundi letu: "Sahihi."