Kuchagua Gita la Besi

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Neno hili ni la kweli kwa mtu aliyefika shambani mvua imekwisha kuanza, akasimama kandoni kupima mipini huku wenziwe wanalima. Kwa mtu aliyetumwa kununua jembe kwa fedha za wengi si la kweli hata kidogo. Huyo asipochagua, wenziwe watalima na kosa lake miaka mingi. Nchi ya Ufipa yaweza kushuhudia jambo hili. Wahunzi wake wa zamani waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo, wakakisafisha tena katika tanuri dogo, ndipo wakakifua. Jembe lililotoka mikononi mwao lilikusudiwa kazi ijulikanayo, nayo ni kupindua majani na udongo kuwa matuta makubwa ya duara, ambamo majani huoza yakawa mbolea. Kazi ilitangulia, chombo kikafuata.

Maana hiyo ilimkabili kijana mmoja wa Mwazye mwaka ambao kwaya yake ilikata shauri kununua gita la besi. Baada ya mavuno wanakwaya walichanga. Mwenye gunia la mahindi alitoa sehemu ya bei yake, mwenye debe la maharage alitoa alichoweza, na bibi mmoja mjane alitoa kuku. Fedha ikatosha gita la bei ya kati. Kijana ndiye aliyekuwa mpigaji. Alijifunza kwa gita la kuazima, nalo lilikuwa limerudi kwa mwenyewe. Akaagizwa kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, akachague jipya. Duka lililo mbali kiasi hicho halirudiwi kwa kubadilisha bidhaa. Kama angekosea, kosa lake lingetundikwa ukutani mbele ya macho ya kila aliyechanga.

Bei ya kati ina taabu yake. Gita la bei ya chini kabisa hujitangaza lenyewe: shingo hupinda, vifungo vya nyuzi hulegea, na sauti haikai mahali pake. Gita la bei ya juu, lipitalo dola 1,500 za Marekani, mara nyingi humtoza mnunuzi jina na pambo pamoja na sauti. Katikati, tuseme kuanzia dola 400 hadi 900, yapo magita ya Yamaha, Ibanez, Squier, Sire na wengineo, na mengi kati yake ni kazi njema. Kwa hiyo mnunuzi wa daraja hili hapotezwi na ubaya wa vitu bali na uzuri wao. Hana haja ya kuuliza lipi ni zuri. Yampasa kuuliza ni zuri kwa mkono wa nani, na kwa kazi gani.

Kijana alikuwa na jibu kabla ya swali. Alitaka gita la nyuzi tano, jekundu, lenye betri ndani yake, kama alivyoliona katika simu mikononi mwa wapigaji wa ng'ambo, ambao huchapa nyuzi kwa dole gumba hata zikalia kama ngoma. Alipokwenda kumwaga mwalimu wa kwaya, alimweleza matumaini hayo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza:

"Mwanangu, Jumapili iliyopita ulipiga nyimbo ngapi kwa dole gumba?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi jihesabu kwanza. Safari itakungoja."

Akaazima gita tena, akajihesabu kwa Jumapili tatu. Aliona kuwa alipiga kwa vidole viwili vya kulia, cha shahada na cha kati. Aliona kuwa sauti nyingi alizozitumia zilikuwa katika nyuzi mbili nene, karibu na kichwa cha gita, pale ambapo vidole vya kushoto hupanuka zaidi. Navyo vidole vyake vilikuwa vifupi, vikichoka upesi. Aliona kuwa ibada ilimsimamisha saa mbili, na bega likamwuma. Tena aliona kuwa umeme wa pale ulitia mvumo katika amplifaya, nao ulisikika kila waimbaji waliponyamaza. Hesabu hii haikumfurahisha. Ilimwonyesha mpigaji mwingine, asiyefanana na yule aliyekuwa akimwota.

Ajijuaye namna hii ndiye awezaye kunufaika na maarifa ya mafundi. Mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani alitoa gita la besi la umeme lililoitwa Precision, maana yake usahihi, kwa kuwa vijiti vya chuma vilivyopigwa shingoni vilimwezesha mpigaji kupata sauti sahihi pasipo kubahatisha kama katika besi kubwa ya kusimama. Mwaka 1960 akaongeza liitwalo Jazz Bass, lenye shingo iliyo nyembamba zaidi karibu na kichwa, na vinasa sauti viwili. Magita mengi ya leo ni watoto au wajukuu wa hayo mawili. Kinasa sauti ni sumaku iliyozungushiwa waya. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake huzaa umeme, na amplifaya huukuza. Kinasa kikiwekwa upande wa shingo, sauti huwa nene na ya mviringo. Kikiwekwa karibu na daraja la nyuzi, sauti hukaza na kuwa wazi. Kinasa cha Precision kiligawanywa vipande viwili tangu mwaka 1957, na mgawanyo huo huua mvumo wa umeme. Kinasa cha Jazz Bass kikitumiwa peke yake huuacha mvumo upite.

Kila tabia ya upigaji ina upande wake. Achapaye kwa dole gumba hupendelea vinasa viwili na sauti kali. Apigaye kwa kijipande cha plastiki hupata faida katika kinasa kimoja chenye sauti nzito. Apigaye rumba na dansi, kwa mwendo uliojulikana katika bendi kama NUTA Jazz ya mwaka 1964 na Mlimani Park ya mwaka 1978, huhitaji uzi unaotamka na kunyamaza mara moja, kwani katika muziki huo pengo ni sehemu ya wimbo. Mwenye mkono mdogo aweza kutazama gita fupi, ambalo uzi wake una urefu wa inchi 30 badala ya 34 za kawaida, ingawa uzi mnene hulegea kidogo humo. Uzi wa tano nao una gharama. Uzi mnene wa gita la nyuzi nne hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na ule wa tano mara 31. Amplifaya ndogo haiwezi kuitoa vema sauti iliyo chini kiasi hicho, na shingo hupanuka kwa ajili ya uzi usiosikika. Betri nayo huongeza nguvu ya kurekebisha sauti, lakini ikiisha katikati ya wimbo, gita la namna hiyo kwa kawaida hunyamaza.

Huko Kariakoo muuzaji alimtolea gita jekundu la nyuzi tano. "Mdogo wangu," akasema, "hili ndilo wanalolichukua vijana wote." Kijana alilishika kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa. Kisha akaomba mengine, na katika kila moja akapiga wimbo mmoja tu, ule ambao kwaya yake huuimba mara nyingi. Alitazama shingo kwa jicho moja kama seremala atazamavyo ubao. Alibonyeza uzi katika kila kijiti akisikiliza kama walia vibaya. Akasimama na mkanda begani, akaachia mkono wa kushoto aone kama kichwa cha gita kitaanguka chini. Mwisho alichukua gita jeusi la nyuzi nne, lisilo na betri, lenye shingo nyembamba, na vinasa viwili vya mchanganyiko: cha katikati kilichogawanywa kama cha Precision, na cha pili karibu na daraja. Fedha iliyobaki ikanunua seti ya nyuzi, mkanda mpana, waya na mfuko wa kubebea.

Haikosi kusemwa kwamba alipoteza kitu. Upo wimbo wenye sauti za chini asizoweza kuzifikia, naye hulazimika kuzipiga juu zaidi. Walakini kila mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake, na ngoma hii haikuwa yake peke yake.

Siku ya kwanza kanisani hakuna aliyemsifu. Alivunjika moyo kidogo. Jumapili nyingine umeme ulikatika katikati ya wimbo. Waimbaji waliendelea, ila mwendo wao ukaanza kuyumba, wengine wakitangulia, wengine wakichelewa. Walipotoka nje, yule bibi aliyetoa kuku alimjia kijana, naye akainama kumwamkia.

"Leo," bibi akasema, "tuliimba kama watu wanaotembea gizani."

Hakulitaja gita. Kijana alirudi ndani, akalifuta vumbi, akalitia katika mfuko wake. Wahenga hawakukosea. Kuchagua kulikuwa kwa siku moja. Kulima kulikuwa ndiko kumeanza.