Mwanamuziki Aliyeshuka Kutoka Mbinguni

Wanachama wenzangu, kuna neno la Kikorea ambalo limenifanya niwaze sana kuhusu sisi. Neno lenyewe ni geondal. Mkorea akikuita geondal hajakusifu: anamaanisha mzururaji, mtu asiye na kazi, na siku hizi hata jambazi wa mtaani.

Lakini neno hili lilizaliwa pazuri. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, gandharva ni mwanamuziki wa mbinguni. Wabuddha walimweka miongoni mwa jamii nane za viumbe wanaoilinda dini yao, na ilisemekana kwamba chakula chake ni harufu nzuri tu. Wachina waliliandika jina hilo kwa herufi zao kwa kufuata sauti, na Wakorea wakazisoma herufi hizo "geondalba". Dini ya Buddha ilifika Korea mwaka 372. Ukienda kwenye pango la Seokguram, huko Gyeongju, lililojengwa karne ya 8, utawakuta walinzi hao wanane wamechongwa kwenye mawe ya ukumbi wa kuingilia.

Mwanamuziki huyu alishukaje? Halimi wala hachoti maji, kazi yake ni muziki tu. Basi watu wakalitumia jina lake kwa yeyote anayekula bila kutoa jasho. Silabi ya mwisho ikadondoka, na utukufu ukadondoka nayo. Nadhani historia nayo ilichangia. Chini ya ufalme wa Joseon, ulioanza mwaka 1392, watawa wa Kibuddha walidharauliwa, hata wakapigwa marufuku kuingia mji mkuu hadi mwaka 1895. Watu wakidharauliwa, maneno yao hayasalimiki.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi yangu. Akihisi unamzungusha, husema, "Usiniletee uswahili hapa!" Na anayasema hayo kwa Kiswahili fasaha! Jina la watu na ustaarabu wao limegeuzwa kuwa ujanja, umbea na maneno mengi. Mimi niliyezaliwa huku Marekani nilirithi lugha na tusi lake kwa pamoja.

Shangazi ni mkubwa wangu, namwamkia shikamoo, na sitamsahihisha. Lakini siku moja mtoto wangu ataniuliza uswahili ni nini. Nataka nimpe maana zote mbili, na nianze na ile ya kwanza.