Namba Isiyo ya Kituo

Redio yangu ni chakavu. Niliinunua kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambaye aliing'oa katika gari lililokwisha kuvunjwa kwa ajili ya spea. Gari lenyewe lilitoka Japani, na redio nyingi za huko hupokea FM kati ya megahezi 76 na 90, ilhali vituo vyetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mafundi huunga, baina ya antena na redio, kifaa kidogo kinachoyashusha masafa. Changu hushusha kwa 14, hivyo kituo cha 98 huonekana kwenye kioo kama 84. Namba ninayoisoma, basi, si namba ya kituo.

Redio huendeshwa na betri ya pikipiki ya volti 12. Antena ni waya wa shaba wa sentimita 75, takriban robo ya urefu wa wimbi, nilioufunga juu ya mwanzi. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga, na mlima huyazuia. Lakini asubuhi za kipupwe, hewa baridi inapolala chini ya hewa yenye joto, huinama kidogo na kufika mbali kuliko desturi. Asubuhi hizo hupanda mteremko wa Loleza, nikausimamisha mwanzi mahali panapotazama kaskazini mashariki, upande wa bonde la Usangu. Huko mbele, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, ndiko Iringa nilikozaliwa.

Kukitambua kituo kisichojitaja ni kazi ya sikio. Muziki hausaidii, kwani wimbo uleule hupigwa kila mahali. Watangazaji nao siku hizi husema kwa lafudhi moja. Nilijifunza kuwangoja wasikilizaji wanaopiga simu.

Asubuhi moja ya Julai, sauti ya mama mtu mzima ilijitokeza katikati ya mikwaruzo. Alikuwa amepotelewa na ng'ombe, aliyeonekana "mala ya mwisho" kando ya "balabala". Ile l mahali pa r haikunitosha, kwani hata wazungumzaji wa Kinyakyusa husema hivyo. Mtangazaji alipomwambia "Kamwene", nilijua kwamba simsikilizi jirani wa Mbeya. Lakini Wabena wa Njombe nao husalimiana hivyo. Kisha mama akataja Mlandege. Mlandege ipo hata Unguja. Akaongeza Kihesa na Ipogolo, nami nikaandika katika daftari: Iringa, saa 1:20 asubuhi. Punde mikwaruzo ikamfunika.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa kimya, kalamu mkononi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwa miaka ishirini sasa, na hiyo "balabala" nimeikata kwa wino mwekundu mara zisizo na hesabu. Niliikata hata kinywani mwa mama yangu mzazi, mbele ya wageni, siku tuliyosherehekea kuhitimu kwangu chuo. Alinitazama, akacheka kidogo. Tangu siku hiyo, kila wageni walipokuja, alizungumza Kihehe tu, au alinyamaza. Alifariki nikiwa sijamwomba radhi.

Nimepanda mlimani misimu mitatu nikiitafuta Iringa. Nilipoipata, kilichoniongoza kilikuwa ni kosa lilelile nililomkataza mama.

Jumatatu iliyofuata mwanafunzi mmoja alisoma kwa sauti mbele ya darasa, akatamka "balabala". Wenzake wakacheka. Katika madaftari nitaendelea kusahihisha, maana tahajia ni tahajia, na mtihani hauna huruma. Lakini siku ile niliwanyamazisha waliocheka, nikamuuliza kwao ni wapi. Akanijibu, nami nikamwomba aendelee kusoma.